Laki Sita Kamili

Wafugaji wa Ballarat humjua Coralie Trembath kwa viatu kabla ya uso. Kila Jumanne, kwenye mnada wa kondoo nje ya mji, hutembea juu ya ubao mwembamba uliopita juu ya mazizi, bega kwa bega na mnadi, na wanunuzi walioko chini huziona kwanza buti zake za kahawia, kisha suruali, kisha daftari, na mwisho, wakiinua shingo vya kutosha, mashavu mawili yaliyopigwa na baridi na macho ya kijivu yasiyo na haraka.

Kazi yake ni kuandika. Mnadi anaimba bei, mnunuzi anatikisa kidevu, nyundo inagonga ubao, na Coralie anaandika: zizi gani, kondoo wangapi, kwa bei gani, wa nani sasa. Akishaandika huinua penseli mpaka usawa wa sikio. Mnadi huiona kwa pembe ya jicho, akajua kwamba neno limeshashikwa, basi anarukia zizi lijalo. Miaka ishirini na miwili hivyo, mvua kwa jua. Hajawahi kukosea bei, na hajawahi kununua hata kondoo mmoja.

Nyumba pia hajawahi kununua. Baba yake alikuwa mpishi wa wakata manyoya, mtu wa kuhama na masufuria yake kutoka shamba hadi shamba, na kabla Coralie hajafika miaka kumi na mitano alikuwa amelala katika nyumba kumi na moja, zote zenye mtu mwingine mwenye ufunguo wa pili. Alipokuwa mtu mzima akapanga. Mara tatu mwenye nyumba aliuza naye yumo ndani. Mara ya nne barua ilikuja mwezi wa Mei: ahame kabla ya mwisho wa Agosti. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya chupa ya asali, akasema peke yake jikoni, "Basi. Hii ndiyo ya mwisho."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Alikuwa amejiandaa. Akiba yake na mkopo wa benki, ukiviunganisha, vilifika dola laki sita, vikakoma hapo. Na laki sita haikuwa namba ya kubahatisha. Katika jimbo la Victoria, anayenunua nyumba ya kwanza maishani mwake kwa laki sita au chini ya hapo halipi ushuru wa stempu, ile kodi ya kununua nyumba, hata senti. Akivuka mstari huo, ushuru unaamka. Mwanzoni unalamba tu, lakini kadiri bei inavyopanda unaanza kuuma, nao hutolewa mfukoni, taslimu, kwa sababu benki yake haikukopesha mtu pesa za ushuru. Coralie hakuwa na taslimu ya kumpa mtu yeyote. Alikuwa na laki sita kamili, na miezi mitatu.

Nyumba aliyoitaka ilikuwa mtaa wa Golden Point, ya mbao, bati jekundu, dirisha la jikoni likitazama mashariki. Alikwenda kuitazama mara tatu. Mara ya tatu aliweka mkono juu ya ukuta wa barazani, akauacha hapo kitambo, jinsi mtu anavyoweka mkono juu ya shingo ya farasi kumjua kama ametulia.

Jumamosi ya mnada, baridi ilikuwa imelaza nyasi zote upande mmoja. Des Hanrahan alikuja kumsindikiza. Des ndiye mnadi wa kondoo, mwenzake wa ubaoni kwa miaka yote hiyo, mzee wa kofia pana na sauti ya kutosha kuamsha mji. Alisimama njiani mbele ya nyumba, mkononi soseji iliyofungwa kwa mkate, akimtazama dalali wa nyumba kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyenye ncha.

"Huyu ndiye mnadi?" aliuliza. "Cora, huyu hata kondoo hawezi kumwuzia mbwa mwitu."

"Des, kula soseji yako."

"Nasema tu. Sauti gani ile? Kama anauliza njia ya chooni."

"Na leo usinipungie mkono, usikohoe, usikune pua. Umesikia? Leo mimi ndiye mnunuzi."

"Mwisho wako ngapi?"

"Laki sita."

"Na ikifika laki sita na dola moja?"

"Nakunywa chai kwangu, Jumatatu natafuta nyingine."

Des alimtazama, akatafuna, akakubali kwa kichwa. Alijua sauti hiyo.

Dalali aliitwa Brayden Oakes, kijana wa suti ya buluu, mwenye tabasamu lililokaa usoni kama kofia. Alisoma masharti, akasifu dirisha la jikoni, akakunja karatasi yake ikawa nyundo. Wageni walikuwa kama thelathini, wengi majirani waliokuja kujua bei ya mtaa wao. Wanunuzi wa kweli, Coralie aliwahesabu mara moja: yeye, na mume na mke waliovaa makoti ya aina moja. Mtu aliyetazama koo na vidole vya wanunuzi kwa miaka ishirini na miwili hahitaji kuambiwa nani ana pesa na nani ana udadisi.

Wenye koti walifungua na laki tano na elfu sitini. Brayden mwenyewe akaweka dau kwa niaba ya mwenye nyumba, akalitangaza kama sheria inavyotaka. Wenye koti wakapanda. Coralie akanyamaza mpaka laki tano na themanini na tano, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Laki tano na tisini."

Watu wakageuka. Wenye koti wakanong'onezana: tisini na tano.

"Laki sita," alisema Coralie.

Hakuna aliyepanda. Hapo ndipo alipotaka bei isimame. Brayden akaimba mara ya kwanza, akaimba mara ya pili, akatembea hatua mbili kuelekea wale wa koti na kuwainamia kama daktari. Mke akamfinya mume. Mume akasema, "Laki sita na elfu tatu."

Basi imekwisha, alijiambia Coralie. Hakukasirika. Alikuwa ameshika penseli na karatasi ya tangazo la nyumba, na mkono wake ukafanya kile ulichofanya maelfu kwa maelfu ya mara: ukaandika bei ya mwisho pembeni, 603, kwa mwandiko safi. Kisha, kwa kuwa bei imeshaandikwa, ukainua penseli mpaka usawa wa sikio.

"Laki sita na elfu tano!" alishangilia Brayden, akimwelekezea karatasi. "Asante sana, dada!"

Des alikabwa na mkate. "Cora! Umechanganyikiwa?"

Damu ilimpanda Coralie mpaka kwenye nywele. Angeweza kusema palepale kwamba si dau, ni mazoea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini jicho lake lilikuwa bado liko kazini, nalo lilimwona Brayden akitupa mtazamo mlangoni, haraka, kama mtu anayeomba msaada. Mnadi aliyefikia bei ya mwenye mali hatazami mlangoni. Hutangaza kwa kifua kwamba sasa mali inauzwa, maana tangazo hilo huwatia watu kiwewe. Brayden hakuwa ametangaza kitu. Bei ya siri ya mwenye nyumba, popote ilipokuwa, ilikuwa juu zaidi.

Coralie akafunga mdomo.

"Nyamaza," alimwambia Des bila kusogeza midomo.

"Ukiuziwa je? Utalipa na nini, na mimi?"

"Hataniuzia. Mtazame."

Wenye koti walitikisa vichwa. Brayden akaingia ndani, akakaa dakika nne, akatoka na tabasamu lililolegea upande mmoja. Nyumba haikufikia bei ya mwenyewe, alisema. Mnada umefungwa bila kuuzwa, na kwa desturi, mwenye dau la juu ana haki ya kwanza ya kuzungumza. Akamfungulia Coralie mlango.

"Nenda mama," alisema Des, akifuta mdomo. "Shikilia hapohapo. Na penseli nipe mimi."

Jikoni palikuwa na meza tupu na viti viwili. Brayden aliweka mkataba mezani, akauweka sawa na ukingo.

"Hongera, dada Coralie. Sasa, uko laki sita na tano. Mwenye nyumba anataka laki sita na arobaini. Ukiniuliza mimi, tukutane ishirini na tano hivi, kila mtu alale vizuri."

"Mimi siko laki sita na tano."

"Samahani?"

"Lile dau limekufa ulipofunga mnada. Hujaniuzia, sijanunua. Tunaanza upya." Alivuta kiti akaketi. "Ninatoa laki sita."

Brayden alicheka, akasubiri naye acheke, akaona hacheki. "Dada, watu hupanda. Sijaona mtu anayeshuka."

"Basi leo ndiyo mara yako ya kwanza, mdogo wangu. Kule kwetu hutokea kila Jumanne. Zizi likikosa kuuzwa, bei yake huenda na upepo. Waulize wafugaji."

"Ninyi mnauza kondoo!"

"Na wewe unauza mbao na bati. Sheria ya dau ni ileile."

Brayden alikwenda chumba cha mbele alikokuwa mwenye nyumba, akarudi. Laki sita na ishirini. Laki sita. Akaenda, akarudi. Alimkumbusha kwamba wale wa koti bado wako nje. Coralie alisema awaite basi, na akaketi vilevile, mikono juu ya meza, mmoja juu ya mwingine. Safari ya tatu Brayden alirudi akafunga mlango nyuma yake, akapunguza sauti.

"Sikia, dada. Mimi naelewa mambo ya ushuru, umri wangu huu nimeona mengi. Mkataba tunaandika laki sita. Safi. Halafu elfu kumi na tano unampa mwenye nyumba pembeni, polepole, hata kwa mwaka. Tutasema ni za vifaa vya stoo. Nani atajua?"

Ilikuwa mara ya kwanza Coralie kukunja uso siku ile.

"Mimi nitajua," alisema. "Kijana, nimeandika bei za watu miaka ishirini na miwili. Nimeandika bei nzuri na bei za kuliza. Bei ambayo haikusemwa sijawahi kuiandika, na sitaanzia kwenye nyumba yangu mwenyewe."

"Sikusema tufanye—"

"Ulisema. Lakini nimeshasahau." Akasimama, akaelekea mlango wa nyuma. "Vifaa gani vya stoo?"

"Hapana, dada, si utaratibu, mazungumzo ni kupitia kwangu..."

Lakini dirishani Coralie alikuwa amemwona mwanamke wa miaka sitini hivi akivuka uani kwa koti la mvua, akausukuma mlango wa stoo kwa bega. Akamfuata. Brayden akawafuata wote wawili, viatu vyake vyenye ncha vikizama kwenye nyasi.

Stoo ilikuwa ndefu kama basi, na imejaa mpaka darini. Baiskeli. Fremu za baiskeli zimening'inia, magurudumu yamepangwa kama sahani, makopo ya nati na skurubu, kila kopo na jina lake kwa rangi nyeupe. Mashine nne za kukatia nyasi. Matofali ya jiko la zamani. Vitu juu ya vitu. Yule mwanamke alikuwa amesimama katikati, mikono imemlegea.

"Mimi ni Coralie. Ndimi wa laki sita."

"Annelies Hoekstra. Ndimi wa laki sita na arobaini." Akavuta pumzi, ikatoka kama kicheko. "Ya baba haya. Alitengeneza baiskeli za mtaa mzima, na za wasiolipa alizihifadhi."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumba ya wazee, huko kwetu Hobart, karibu nami. Yeye hana shida, amepata marafiki, anacheza karata. Shida ni hii." Akapiga teke kopo moja. "Wikiendi sita nimekuja kwa ndege. Makontena mawili ya taka yamejaa, na wala huoni tofauti. Kaka yangu Pieter anatoa amri kwa simu. Eti tusiuze chini ya arobaini. Mgongo ni wangu, lakini amri ni zake."

Coralie alitazama darini, akatazama chini, jinsi anavyotazama zizi kabla ya kuandika idadi. Aliona kilichokuwepo, na akaona pia uchovu wa mwanamke huyu. Aliufahamu sana. Ni uchovu wa mfugaji ambaye kondoo wake hawakuuzika, saa nane mchana, anayetakiwa kuwapakia tena kwenye lori na kurudi nao nyumbani.

"Dada Annelies," alisema, "niambie ukweli. Mkataba unakutaka uniachie stoo tupu?"

"Tupu na imefagiliwa."

"Tufute hayo maneno. Chukua unachokipenda, siku unayopenda. Kilichobaki, mpaka msumari wa mwisho, ni changu, na takataka zake ni zangu. Funga mlango leo, upande ndege, usirudi tena. Pesa yangu iko tayari, sina sharti lolote, na makabidhiano ni ndani ya siku thelathini. Lakini bei ni laki sita."

Annelies alichukua kopo moja, akasoma maandishi ya baba yake, akalirudisha mahali pake.

"Laki sita na kumi," alisema mwishowe. "Hapo Pieter nitammudu."

"Siwezi. Si ukaidi, nakuapia. Nikikupa kumi zaidi, mimi natoa kumi na mbili na kitu, maana serikali inaamka na kudai zaidi ya elfu mbili zake. Wewe hizo mbili huzioni. Nyumba haizioni. Na hata hizo kumi mimi sina. Laki sita ndipo ninapoishia mimi. Sijifichi nyuma yake."

"Mbona kule nje ulifika laki sita na tano?"

Coralie akaona haya, kwa mara ya pili siku ile. "Sikufika. Niliinua penseli." Akamweleza: ubao, mazizi, mkono uliozoea. Annelies alisikiliza, midomo imebana, kisha kicheko kikampasuka, cha kweli, kikamfanya ashike gurudumu asianguke.

"Brayden!" aliita huku akipangusa macho. "Uliuza nyumba ya baba yangu kwa mtu aliyekuwa anafanya kazi?"

"Haikuuzwa kiufundi," alisema Brayden kutoka mlangoni.

"Na huko ndani mlikuwa mnanong'ona nini muda wote ule?"

Brayden alitazama viatu vyake. Coralie hakumsemea wala hakumfichia; alisubiri tu, mpaka kijana mwenyewe akasema, kwa shida, kwamba alipendekeza njia fulani ya pembeni, na dada hakuikubali.

"Hakuikubali," alirudia Annelies. Akamtazama Coralie upya, polepole, kutoka buti hadi macho. Kisha akatoa simu.

Alizungumza Kiholanzi, akitembea kati ya baiskeli. Coralie hakuelewa neno hata moja, lakini sauti hupanda na kushuka kama bei. Aliisikia ikibembeleza, ikipanda, ikakaa hapo juu bila kutetereka. Mara moja Annelies aliielekeza simu darini, kama kwamba kaka yake angeweza kuona. Mwisho alisema sentensi moja fupi, akakata.

"Amesema nini?" aliuliza Brayden.

"Amesema hapana. Nikamwambia basi aje Jumamosi ijayo na glavu zake." Aliitia simu mfukoni. "Ndipo akasema laki sita si mbaya."

Coralie hakupiga kelele. Alishika fremu ya baiskeli iliyokuwa karibu, akaishika kwa nguvu. Kisha wote watatu walirudi jikoni. Brayden alifuta kwa kalamu kile kifungu cha stoo, wakatia sahihi pembeni yake, kwanza Annelies, kisha Coralie. Kwenye nafasi ya bei Coralie aliandika mwenyewe: 600,000. Aliisoma mara mbili, kwa mazoea, na ilikuwa sawasawa na ilivyosemwa. Akatuma malipo ya kianzio kwa simu, na Annelies akaketi kwenye kiti cha pili kama mtu aliyetua mzigo mlangoni kwake.

"Nimekufa kwa kiu," alisema. "Lakini sijui hata kama nimeacha chai humu."

Coralie alifungua kabati la kwanza, la pili, akakuta kopo la majani ya chai na birika jeusi lenye kishikio cha mbao. Akalijaza maji, akaliweka juu ya jiko, akatafuta kiberiti.

"Droo ya chini kulia," alisema Annelies. "Na hilo birika usilifungashe, tafadhali. Nimechoka kubeba."

"Nani kasema nitalifungasha?" alijibu Coralie, akageuza swichi ya gesi. "Mwite Des pale nje. Mwambie aje anywe chai kwangu."